Uliza Tukujibu: Vita ya dakika 38, Ijumaa iliyopotea na tarehe nyingine zenye vituko

Mwezi huu meseji zenu nyingi zimekuja na kitu kimoja, zile posti za "siku kama ya leo" zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mnataka kujua ipi kweli ipi chai. Nimechagua chache. Kuna nitakazojibu kwa urefu maana zinastahili, na kuna za kujibu chapchap.

Dada habari ya kazi. Kila ikifika 27 Agosti naona posti inasema Zanzibar ilipigana vita fupi kuliko zote duniani, dakika 38, watu wanajaza emoji za kucheka. Hii ni kweli? Msomaji, Tanga

Nzuri kaka. Ni kweli, sio chai, ila hizo emoji za kucheka mi zinaniuma na nitakwambia kwanini.

Jumanne ya tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na hata hajazikwa vizuri binamu yake Khalid bin Barghash akawa ameshaingia kasri na kujitangaza yeye ndo sultani, mpaka fununu za sumu zikaanza kuzunguka mjini. Sasa shida ni kwamba tangu 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na wao walisema hakuna sultani anayekaa kwenye kiti bila wao kukubali, halafu mtu wao walishamchagua, Hamoud bin Mohammed. Basi mwakilishi wao Basil Cave akamwambia Khalid atoke, Khalid akagoma, akakusanya watu kama 2,800 kwenye kasri, na hapa usifikirie jeshi la maana, wengi walikuwa raia wa kawaida waliochukuliwa mjini, wengine watumishi na watumwa wake mwenyewe. Bandarini nako meli za kivita za Waingereza zikaongezeka mpaka zikafika tano chini ya Admirali Harry Rawson, zimejipanga zinaangalia kasri usoni kabisa, pale Forodhani.

Onyo la mwisho lilikuwa kwamba ikifika saa tatu kamili asubuhi ya tarehe 27 bendera iwe imeshashuka na watu wametoka. Saa mbili na nusu Khalid akatuma jibu kwamba hana mpango wa kushusha bendera na haamini kama watamfyatulia mizinga. Cave akajibu kwamba hawapendi kupiga ila wasipotii watapigwa. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza.

Kasri ya Beit al-Hukm ilikuwa na mbao nyingi ndani, makombora yanaingia upande huu yanatokea upande wa pili, moto ukashika, watu wamejazana humo humo. Meli ya sultani iliyokuwa inaitwa Glasgow, ambayo Sultani Barghash alijengewa kwa mfano wa meli ya Kiingereza, ilijaribu kujibu kwa vimizinga vyake ikazamishwa hapo hapo bandarini, na kwa vile maji yenyewe si ya kina sana milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji kwa miaka, kila anayefika Unguja kwa meli anaiona. Kama saa tatu na dakika arobaini bendera ya kasri ikapigwa ikaanguka na mizinga ikanyamaza.

Kuhusu hizo dakika sasa, wengine wanaandika 38, wengine 40, wengine 45. Inategemea unaanza kuhesabu saa tatu kamili muda wa onyo ulipoisha au saa tatu na dakika mbili risasi ya kwanza ilipotoka, na unamalizia bendera ilipoanguka au mizinga ya mwisho ilipotulia. Kwahiyo mtu akikubishia 45 msigombane, wote mnaongelea asubuhi moja.

Lakini watu kama 500 upande wa Zanzibar waliuawa au kujeruhiwa ndani ya muda huo, wakati Waingereza waliumia baharia mmoja tu na akapona. Halafu kuna kitu ambacho posti huwa hazisemi, waliomuunga mkono Khalid walitozwa gharama za makombora waliyopigwa nayo pamoja na hasara ya uporaji uliotokea mjini, uporaji wenyewe ulihesabiwa kufika rupia 300,000. Yaani unapigwa halafu unaletewa bili ya risasi. Ndo maana nasema emoji ya kucheka haikai hapo.

Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani na Waingereza wakaweka walinzi nje wakimsubiri akanyage tu ardhi ya Zanzibar wamkamate. Wajerumani wakatulia wakasubiri bamvua. Tarehe 2 Oktoba 1896 maji yalipojaa sana, mashua kutoka meli yao ya kivita ya Seeadler ikaja mpaka kwenye bustani ya ubalozi, Khalid akatoka mlangoni akaingia kwenye mashua moja kwa moja bila mguu kugusa ardhi ya mjini, huyo akapelekwa Dar es Salaam. Alikaa huko miaka 20 hivi mpaka Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakamkuta, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na Saint Helena, mwishoni wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki akafia Mombasa mwaka 1927. Miaka zaidi ya 30 ya kutangatanga kwa utawala wa siku mbili.

Na wale mnaouliza kama Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani la jirani, ilibomolewa siku hiyo, hapana, yenyewe ilisimama pembeni ikaponea, iliyoisha ni Beit al-Hukm. Beit al-Ajaib ikaja kuporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, Krismasi, ikiwa kwenye ukarabati.

Nimesoma kwamba kuna nchi iliwahi kuwa na tarehe 30 Februari, na nyingine ikaruka Ijumaa nzima. Hivi serikali inaweza kweli kufuta siku? Mwanafunzi, Eldoret

Inaweza mdogo wangu, na imefanyika mara nyingi kuliko unavyodhani.

Tuanze na mzizi wake. Kalenda ya zamani aliyoiweka Julius Caesar ilihesabu mwaka kuwa siku 365 na robo, lakini mwaka wa jua ni mfupi kidogo ya hapo, kama dakika 11. Dakika 11 kwa mwaka hutaziona, ila ziache zijikusanye kwa miaka zaidi ya elfu moja zinakuwa siku kumi, na kanisa likaanza kuona tarehe za Pasaka zinahama. Ndo Papa Gregory XIII akaamua mwaka 1582 kwamba baada ya Alhamisi tarehe 4 Oktoba itafuata Ijumaa tarehe 15 Oktoba. Italia, Hispania, Ureno na Poland zikatii mara moja. Sasa usiku ule ule wa tarehe 4 huko Hispania alifariki mtawa maarufu Teresa wa Ávila, na mpaka leo kanisa linamkumbuka tarehe 15 Oktoba. Alikufa usiku, kesho yake asubuhi ni tarehe 15, hapo katikati hapakuwa na kitu.

Nchi za Kiprotestanti ziligoma kufuata agizo la Papa. Uingereza ilikaa miaka 170 inaishi na kalenda yake, yaani unavuka bahari kwenda Ufaransa unajikuta uko mbele siku kumi, na kuanzia 1700 kumi na moja. Wakakubali mwaka 1752, Jumatano tarehe 2 Septemba ikafuatwa na Alhamisi tarehe 14. Utasoma sana kwamba wananchi waliandamana wakidai "turudishieni siku zetu kumi na moja", wanahistoria wengi sasa hivi wanaitilia shaka hiyo stori, inaonekana chanzo chake ni mchoro wa William Hogarth wa dhihaka za uchaguzi ambao ndani yake kuna bango lenye maneno hayo. Kitu kilichobaki kweli ni mwaka wao wa kodi, zamani ulianza tarehe 25 Machi, wakausogeza ili serikali isipoteze mapato ya siku zile zilizofutwa, na mpaka leo mwaka wa kodi Uingereza unaanza tarehe 6 Aprili. Kodi haipotei hata kalenda ikipotea!

Sweden ndo walijichanganya kuliko wote. Wao walisema hatutaki kuruka siku nyingi kwa mkupuo, tutafuta tarehe 29 Februari moja moja kuanzia 1700 mpaka 1740, taratibu tutafika. Wakafuta ya mwaka 1700, halafu vita ikawashika, mwaka 1704 na 1708 hakuna aliyefuta kitu, matokeo yake wakawa hawalingani na Papa na hawalingani na Caesar, nchi nzima iko na kalenda ambayo duniani hakuna mwingine anayo. Mfalme Karl XII akasema basi turudi tulikotoka. Ili warudi ilibidi waongeze siku moja, na 1712 ilikuwa tayari mwaka mrefu wenye 29 Februari, kwahiyo wakaweka na tarehe 30. Ilikuwepo kweli, watu waliamka wakafanya kazi wakalala. Mwaka 1753 wakahamia kalenda mpya kwa mkupuo ule ule walioukimbia mwanzo, tarehe 17 Februari ikafuatwa na 1 Machi.

Urusi nao walichelewa sana, mpaka baada ya mapinduzi. Tarehe 31 Januari 1918 ikafuatwa na 14 Februari. Kwahiyo wale mnaouliza mbona Mapinduzi ya Oktoba yalikuwa yanasherehekewa Novemba, jibu ni hilo, tarehe 25 Oktoba 1917 ya Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati huo, ilikuwa 7 Novemba kwingine.

Hiyo Ijumaa iliyopotea ni ya Samoa, visiwa vya Pasifiki, na si mambo ya kale hata kidogo. Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011 watu wakalala wakaamka Jumamosi tarehe 31. Sababu ni biashara, wateja na ndugu zao wengi wako New Zealand na Australia, sasa wakati wao wako Ijumaa wenzao wameshaanza wikendi, na wao wakiwa kanisani Jumapili wenzao wako ofisini Jumatatu wanapiga simu, unapoteza siku mbili za kazi kila wiki. Wakahamia upande wa pili wa mstari wa tarehe, ule unaotenganisha siku moja na nyingine duniani. Kilichonifurahisha ni kwamba serikali iliagiza waajiri wawalipe wafanyakazi ile Ijumaa kama kawaida ingawa haikuwepo. Na hii kwao ilikuwa ni kurudi nyumbani tu, maana mwaka 1892 waliwahi kuhamishwa kwenda upande wa Marekani ili kuwarahisishia wafanyabiashara wa Kimarekani, na siku waliyorudia ni tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru ya Wamarekani, wakaiishi mara mbili.

Shuleni tulifundishwa Vita ya Kwanza ya Dunia iliisha 11 Novemba 1918. Marehemu babu alikuwa anasema huku kwetu ilichelewa kuisha. Nani yuko sahihi? Msomaji, Tunduma

Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa sahihi kabisa, na nyie wa Tunduma mko jirani na ilikoishia.

Jenerali wa Wajerumani Paul von Lettow-Vorbeck hakuwahi kukamatwa. Alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji mwishoni mwa 1917, akazunguka huko karibu mwaka mzima akila chakula cha wanakijiji na kunyang'anya silaha kwenye ngome za Wareno, Septemba 1918 akarudi, akapita Songea na Njombe kisha akateremka kuingia Zambia ya leo, wakati huo Rhodesia ya Kaskazini. Tarehe 11 Novemba Ulaya kengele zinapigwa watu wanakumbatiana barabarani, yeye huku hana habari, hana simu wala redio. Tarehe 13 akauteka mji wa Kasama. Vita imekwisha siku mbili na yeye anateka mji. Kesho yake tarehe 14, wako kwenye mto Chambeshi, ndo taarifa ya Waingereza ikamfikia kwamba vita iliisha siku tatu nyuma. Alidhani ni mtego mwanzoni, halafu akakubali. Akatembea na watu wake mpaka Abercorn, leo inaitwa Mbala, akasalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili kamili baada ya ile tarehe ya kwenye vitabu. Alikuwa na Wajerumani 155, askari Waafrika 1,168, na wapagazi maelfu.

Hapa naomba nikae kidogo maana kila mwaka tarehe 11 Novemba anaongelewa jenerali tu. Vita hii ya huku ilibebwa vichwani. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, barabara hakuna, kwahiyo unga, risasi na vipande vya mizinga vyote vilibebwa na watu waliochukuliwa vijijini, wengi kwa nguvu. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa wanakadiriwa kupita 90,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi, walikufa kwa kuhara, malaria, mapafu na njaa. Upande wa Wajerumani hesabu hata haikuwekwa vizuri. Wanaume wakiondoka mashamba yanalala, majeshi yakipita yanabeba kilichobaki ghalani, njaa ikaingia Ugogo na kwingineko, halafu mwaka ule ule wa 1918 mafua makali yakaja kumalizia. Kwa familia hizo uniambie vita iliisha tarehe ngapi.

Na mishahara nayo ilichelewa. Askari wa Lettow walikuwa wanaidai serikali ya Ujerumani mishahara yao ya vita, na serikali iliyofuata baada ya vita hali ilikuwa mbaya. Mwaka 1964, Lettow mwenyewe amefariki Machi ya mwaka huo, Bunge la Ujerumani Magharibi likaidhinisha walipwe waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba afisa alifika Mwanza na fedha akawakuta wazee kama 350 wamejipanga, ila wachache tu ndo walikuwa na vyeti, wengine wameshika vipande vya sare za zamani, wengine hawana kitu. Afisa akapata wazo, kila mzee akija mbele anapewa ufagio aushike kama bunduki, anaamrishwa kwa Kijerumani, simama sawa, bega silaha. Wote wakafanya bila kukosea. Wakalipwa, miaka 46 baada ya Abercorn.

Eti Malkia Elizabeth alipanda mti akiwa binti mfalme akashuka akiwa malkia? Msomaji, Nyeri

Ndio, kwenu hapo hapo. Usiku wa kuamkia 6 Februari 1952 alilala Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti kule Aberdare, anaangalia tembo wanakunywa maji, na baba yake George VI akafariki usingizini Uingereza usiku huo huo. Kwa vile alikufa amelala hakuna anayejua saa kamili, kwahiyo hakuna anayejua alikuwa anafanya nini dakika aliyogeuka malkia. Alikuja kuambiwa na mumewe akiwa ameshashuka, wako Sagana. Ule mti na hoteli yake vilichomwa na Mau Mau mwaka 1954, iliyopo ilijengwa upya.

Jambo dada, sisi huku tunakumbuka 30 Juni. Lakini kuna picha ya mtu anakimbia na upanga wa mfalme, ile ni siku ya uhuru? Msomaji, Lubumbashi

Jambo sana ndugu yangu. Ilikuwa siku moja kabla, tarehe 29 Juni 1960. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alikuwa ametua Léopoldville, Kinshasa ya leo, amesimama kwenye gari la wazi pamoja na Rais Kasa-Vubu, msafara unakwenda polepole katikati ya watu. Upanga wake wa sherehe umelazwa nyuma kwenye kiti. Kijana anaitwa Ambroise Boimbo akachomoka kwenye umati akaunyakua akawa anakimbia nao ameuinua juu. Mpiga picha wa Kijerumani, Robert Lebeck, alikuwa pembeni tu ya gari akapiga, na ukiiangalia ile picha utaona mfalme bado hajajua kitu na Boimbo ana upanga mkononi. Alikamatwa muda si mrefu, upanga ukarudishwa, akaachiwa. Uhuru wenyewe kesho yake. Mi naona picha ile imesema kitu ambacho hotuba nyingi za wiki ile hazikukifikia, ila nafasi ya hotuba leo haipo.

Mwaka Kogwa mbona hauna tarehe moja kama Mapinduzi au Muungano? Msomaji, Makunduchi

Kwasababu hauhesabiwi kwa kalenda ya ukutani wala kwa mwezi wa Kiislamu. Ni sikukuu ya Nairuzi, mwaka mpya wa jua wenye asili ya Uajemi, na wazee wetu wa pwani waliuhesabu kwa miongo, yaani makumi 36 ya siku kumi kumi, halafu siku tano za kumalizia. Jumla 365. Hauna mwaka mrefu, kwahiyo ukihesabiwa kwa usahihi unarudi nyuma siku moja kila miaka minne dhidi ya kalenda ya kizungu. Siku hizi tumezoea kuufanya Julai, wanaume wanapigana na magomba, kibanda kinachomwa moto, kina mama wanaimba. Ila huo mwongo ndo wavuvi na wakulima walikuwa wanautumia kujua upepo wa kusi na kaskazi unageuka lini na mbegu zishuke lini, ni elimu nzito, na wazee wanaoijua kuisoma wanapungua. Kama una babu au bibi hapo Makunduchi anayeijua, kaa naye na daftari, na sisi ututumie tutaichapa.

Kwenye karatasi za marehemu babu tumekuta amezaliwa 29 Februari 1900. Tunataka kuandika historia ya ukoo. Msomaji, Moshi

Poleni na hongereni kwa kazi hiyo, lakini tarehe hiyo haikuwepo. Kwenye kalenda mpya miaka ya mia mia haiwi mirefu mpaka igawanyike kwa 400, kwahiyo 1900 Februari iliishia 28. Urusi walikuwa nayo hiyo 29 maana walikuwa bado na kalenda ya zamani, ila Wajerumani waliokuwa Moshi wakati huo hawakuwa nayo. Inawezekana aliyeandika alikisia baadaye, au mwaka wenyewe ulikuwa 1904 au 1896 ambayo yote ilikuwa mirefu. Kama alibatizwa, angalieni daftari la ubatizo la usharika wake, mara nyingi tarehe ya ubatizo iliandikwa siku ile ile na inaaminika kuliko ya kuzaliwa. Kwenye kitabu cha ukoo andikeni "kati ya 1896 na 1904" mpaka mpate uthibitisho.